Oda ya madawati 60 imenizidi: nishirikiane na mafundi wenzangu au niikatae?

Seremala wa Kibuye
Ndugu zangu, nina karakana ndogo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na tangu nianze kazi hii nimefanya kila kitu mwenyewe, kuanzia kuchagua mbao na kupiga randa hadi kupaka vanishi. Wateja wangu wanajua kwamba kitanda chao hakikupita mkononi mwa mtu mwingine. Sasa shule moja ya upande wa Nyando imeniagiza madawati 60 kabla ya muhula kufunguliwa Januari, na kila nikipiga hesabu naona kwamba peke yangu siyamalizi. Mafundi watatu jirani wako tayari kuingia nami. Hofu yangu ni kwamba mmoja akitumia mbao mbichi na dawati likapinda, lawama zitanishukia mimi. Mara moja tu niliposhirikiana na mwenzangu kutengeneza kabati, jambo hilo lilinipata. Je, niiache oda hii?

Fundi Mkongwe, Nakuru
Usiiache, kijana wangu, lakini usimgawie kila mmoja madawati yake 15, kwa maana mtakimbizana na kupeleka shuleni madawati ya sura nne. Gawa kazi kwa hatua: mmoja akate, mwingine apige randa, wewe ushike maungio, na wa nne apige msasa na vanishi. Tengeneza kwanza dawati moja la mfano, kisha utoe humo vigezo vya plaiwudi vya mguu na ubavu, ili kila kipande kichorwe kwa kigezo badala ya kupimwa upya kwa futi. Mguu wa dawati la kwanza unapaswa kuingia kwenye dawati la hamsini bila kuchongwa tena. Mbao za saiprasi zinunueni pamoja kutoka yadi moja, mzipange kivulini na kuweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite. Utaona kwamba anayepokea kipande ndiye mkaguzi mkali kuliko wote: mpiga msasa hapokei ubao wenye ufa, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa.

Mama Sare, Kakamega
Mzee wangu amesema vyema kuhusu mbao, ila mimi ninayeshona sare za shule pamoja na wenzangu nimeona vikundi vingi vikivunjwa na pesa kuliko ufundi. Malipo ya awali yakiingia kwenye simu ya mtu mmoja, wenzake huanza kuhesabu mfuko wake badala ya kuhesabu kazi. Andikeni mapema kila hatua italipwa shilingi ngapi kwa dawati, na dawati likikataliwa litarekebishwa kwa gharama ya nani. Tena usiache vitanda vyako vya peke yako. Kazi ya kuchonga nakshi haitaki mikono minne.

Karani wa Ushirika
Naongeza la kisheria. Ukiwalipa kwa kipande, mkataba na shule ni wako na dhamana ni yako. Mkigawana faida mnaweza kuhesabiwa kuwa wabia chini ya Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, na hapo kila mmoja hubeba madeni ya biashara. Kwa oda hii moja, malipo ya kipande yanatosha. Mkizoeana, fikirieni kuunda kikundi, ambacho kwa sheria ya mwaka 2022 kinahitaji watu wasiopungua 10, kwa kuwa asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa biashara na vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Seremala wa Kibuye
Asanteni sana, nimeamua kuichukua. Limebaki moja tu: mmoja wa hao mafundi ni mzee kwangu kwa umri. Nitamrudishiaje kazi iliyoharibika bila kumvunjia heshima?

Fundi Mkongwe, Nakuru
Usimrudishie kwa mdomo. Weka kigezo juu ya kipande mbele yake, naye ataona mwenyewe kilipopungua. Halafu mtangulize yadi akachague mbao, na dawati la mfano alikague yeye kabla hamjakata la pili. Akishalipitisha, vipimo hivyo vitakuwa vyake pia.