Nimemaliza diploma ya uuguzi, niende jeshini au nisubiri ajira za serikali?

Binti_wa_Nyanda

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mi ni binti wa miaka 23, diploma ya uuguzi na ukunga nimemaliza mwaka jana, mtihani wa Baraza la Wauguzi na Wakunga nimefaulu na leseni ninayo, sa hivi najitolea hospitali ya wilaya wodi ya wazazi, nauli najitegemea mwenyewe. Ajira nimeomba mara mbili kwenye mfumo sijaitwa hata usaili. Baba anasema niende jeshi, kwamba nesi wa jeshi hakosi kazi wala hakosi pa kulala. Mama hataki kusikia kabisa, mdogo wake alikuwaga kwenye misheni Congo na mama kipindi kile simu ikiita usiku alikuwa haipokei, ananipa mimi nipokee.

Mi mwenyewe sio kwamba nafata hela tu. Kuna usiku ililetwa ajali ya basi, tulikuwa manesi wawili na daktari mmoja, watu wanalia kila kona, nikashangaa mikono yangu imetulia kuliko siku za kawaida. Toka siku ile nalifikiria hili jambo kwa uzito.

Naombeni kujua, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) sikupita maana nilitoka form four nikaenda chuo moja kwa moja, je naweza ingia hivihivi na vyeti vyangu? Nikiingia nitafanya unesi kweli au nitaishia kusimama getini na bunduki? Na nina mchumba, tulipanga mambo mwakani. Nisaidieni kwa ukweli hata kama utaniuma.

Mzee_wa_Kombati

Mwanangu shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Mimi nimekuwa muuguzi jeshini zaidi ya miaka ishirini, nimestaafu na sina kinyongo, kwaiyo nakujibu kama ningemjibu binti yangu.

Kwanza hilo la JKT. Hapo ndo wengi wa njia yako wanakwama. Waliopita form six wanaitwa kwa mujibu wa sheria, ule utaratibu uliorudishwa 2013, sasa nyie mliotoka form four mkaenda chuo cha afya mnajikuta hamna kile cheti, na matangazo ya JWTZ, jeshi lenyewe la Tanzania, ya kuandikisha vijana yamekuwa yakikitaka pamoja na uraia, umri, afya, na kwamba hujaolewa. Kwaiyo njia yako ni JKT ya kujitolea, ni mkataba wa miaka miwili, maombi yanapitia wilayani na mkoani kwenu. Na soma vizuri lile tangazo lao, huwa wanaandika wazi kabisa kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii kijana ajira. Unaweza kulima kambi za JKT kama Mlale au Bulombora miaka miwili ukarudi nyumbani na cheti tu. Piga hesabu, una 23, ukitoka una 25 au 26, na ukomo wa umri wa kuandikishwa kwa mwenye diploma uko hapohapo kwenye ishirini na kitu. Ukisubiri subiri mwaka mwingine mlango unajifunga wenyewe.

Pili, la bunduki getini. Nikuambie ukweli, utasimama. Depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali, hakuna nesi, kuna kuruta, askari mwanafunzi. Pale Kihangaiko utachezeshwa kwata, utalala porini, utakula kwa dakika chache, utakimbia na begi, na mtu mwenye elimu ndogo kuliko yako atakuamrisha na utaitika "afande". Hata mwenye digrii haingii na nyota begani, anapita depo kama wewe, na Monduli kwenye chuo cha maafisa wanakwenda waliochaguliwa. Ukishamaliza ndo unapangwa, na unapangwa kule jeshi linakohitaji mtu. Ukiangukia Lugalo pale Dar umeangukia hospitali kubwa ya jeshi, raia na familia wanatibiwa pale, wodi ya wazazi ipo, theatre ipo, na chuo cha tiba cha jeshi kipo hapohapo unaweza jiendeleza. Ukiangukia kituo cha tiba cha kikosi huko mpakani, kazi yako itakuwa malaria, vidole vilivyovimba kwa mabuti, kupima watu kabla ya zoezi, na zamu ya ulinzi ikifika unashika kama wenzako. Miezi na miezi. Ile mikono iliyotulia usiku wa ajali haitaitwa mpaka siku itakapoitwa, na siku hiyo hakuna wa kumpigia simu.

Misheni nayo isikutishe wala isikuvutie kupita kiasi. Kwenye vikosi vya UN kila batalioni ina kituo chake cha kwanza cha tiba, wanakiita leveli wani, mna madaktari, manesi na vitanda vichache tu, kazi ni kumzuia majeruhi asife akiwa anasubiri kupelekwa leveli tuu kwenye upasuaji. Hesabu tuliyofundishwa ni kumi, moja, mbili, yaani ndani ya dakika kumi awe amezuiwa damu, ndani ya saa moja awe kwa wataalamu, ndani ya saa mbili awe mezani anapasuliwa. Kule porini kwenye matope hiyo hesabu inakutoa jasho. Mama yako hakosei kuogopa, Desemba 2017 kule Semuliki, Congo, tulipoteza vijana kumi na nne kwa usiku mmoja, nilikuwa nyumbani na nililia kama mtoto.

Na kuna jambo watu hawaliulizi. Muuguzi wa jeshi kwa mikataba ya Geneva ya 1949 analindwa, silaha anayobeba ni ya kujilinda yeye na wagonjwa wake, na anawajibika kumtibu majeruhi yeyote, hata adui, anayeanza ni mwenye hali mbaya zaidi sio wa upande wenu. Mimi nimewahi kumfunga mkanda wa kubana damu kijana ambaye nusu saa nyuma alikuwa anaturushia risasi, pembeni rafiki yangu ana jeraha la bega anasubiri. Rafiki yangu alinielewa baadae, siku ile hakunielewa. Jiulize kama unaliweza hilo, mi naona ndo swali kubwa kuliko la geti.

SistaMkunga

Mdogo wangu mi ni mkunga wa uraiani mwaka wa 11 huu, jeshi silijui kwa ndani ila nina la kusema. Leseni yako usiiache ikafa!! Ukienda JKT miaka miwili hakikisha unaihuisha na masomo ya kujiendeleza unayapata, hata kwa shida, kwasababu nimeona mabinti wamerudi uraiani wanaanza kuhangaika upya na Baraza. Na ukunga ni mikono, usipozalisha miaka miwili mitatu unasahau ile hisia ya vidole, partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, unaijaza kwa kusitasita. Ukipata likizo nenda wodini kajitolee hata wiki. Mi nilitamani jeshi pia enzi hizo nikaogopa kukatwa nywele, leo naona ilikuwa sababu ndogo sana ya kuacha jambo kubwa.

Kipkemboi_RN

Salamu kutoka Kenya. Huku jeshi letu, KDF, wakitangaza huwa wanachukua wauguzi waliohitimu tayari, wenye diploma kama tradesmen (askari wa ufundi) na wa digrii wanaweza omba kama specialist officers (maafisa wa taaluma), lazima uwe umesajiliwa na Nursing Council, halafu training ndio inakuja. Hatuna hiyo ya kutumikia miaka miwili kwanza. Classmate wangu yuko hospitali ya jeshi, Forces Memorial, hapa Nairobi, amekaa Somalia pia, anasema kitu kilimbadilisha si risasi, ni kujua majina ya wagonjwa wote kabla waumie, kwa sababu mnakula pamoja kila siku. Hospitali ya kawaida mgonjwa ni mgeni. Huko ni ndugu. Mtu akuambie ulipe ndio uingie, mkimbie, hata huku kuandikishwa ni bure.

Binti_wa_Nyanda

Shikamoo Mzee, samahani sana sikusalimia. Asanteni wote, hayo ya majina nimeyasoma mara tatu. Kweli kuna mtu ameshanipigia anasema ana nafasi mbili za Lugalo nitume laki nane, nilikuwa nimeanza kukopa kwa shangazi.

Hili la kumtibu adui nimelifikiria jana usiku kucha. Ile ajali ya basi, dereva alikuwa amelewa na ndo niliyempokea mimi, watu walikuwa wanapiga kelele nimuache. Sikumuacha. Naona hilo naliweza. Ninachoogopa ni mchumba, Mzee, je ni lazima nimuache?

Mzee_wa_Kombati

Marahaba mwanangu. Hiyo laki nane irudishe kwa shangazi leo hii, na namba ya huyo mtu ipeleke polisi.

Kuhusu mchumba, kumuacha sio lazima, ila mwakani haiwezekani. Unaandikishwa ukiwa hujaolewa, na ukishakuwa askari ndoa ina kibali chake na muda wake. Mkalishe chini mwambie miaka minne mitano, usimwambie miwili ili kumpoza. Mke wangu nilimwambia hivyohivyo, akanuna wiki nzima, akanisubiri.

Jumatatu nenda ofisi ya mkuu wa wilaya, mshauri wa mgambo atakuambia nafasi za JKT zinatoka lini. Nenda na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya form four na chuo, namba ya NIDA, na nakala ya leseni. Na anza kukimbia kuanzia kesho, kilomita mbili tu, ongeza kila wiki. Huku chini uandike ukishatoka huko, nitakuwa naangalia.

Binti_wa_Nyanda

Nimetoka wilayani. Nafasi bado, wamechukua jina na simu. Mama amenisindikiza mpaka mlangoni, hajaingia, ila amenisindikiza.