ORS na utando wa seli: nimwelezeje shangazi asiongeze sukari?

Nesi_Mtarajiwa: Habari za jioni wakuu. Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza. Tumefundishwa utando wa seli ni tabaka mbili za fosfolipidi: vichwa vinavyopenda maji viko nje na ndani, mikia inayoyakimbia imejificha katikati. Oksijeni inapenya kirahisi, glukosi na ioni za sodiamu zinakwama. Sasa mtoto wa shangazi anaharisha, kapewa ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), na shangazi anaongezea sukari "apate nguvu". Nahisi si sawa ila sina hoja. Na kama glukosi na sodiamu hazipenyi, ORS yenyewe inafanyaje kazi?

Babu_wa_Maabara: Mdogo wangu, hapo umetaja mafuta tu, bado protini. Picha waliyoitoa wanasayansi Singer na Nicolson mwaka 1972 ni ya mafuta yanayotembeatembea, na protini zimechomekwa humo. Kwenye seli za utumbo mwembamba ipo protini inaitwa SGLT1. Kila molekuli ya glukosi inapita na ioni mbili za sodiamu, pamoja au hakuna anayepita. Zikishaingia, maji yanazifuata kwa osmosisi, yaani maji kuelekea kulikokolea zaidi. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayokula ATP (nishati ya seli), inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, ndiyo inayofanya sodiamu izidi kuvutwa ndani. Mwanasayansi Robert Crane aliieleza safari hii ya pamoja mwaka 1960 huko Prague. Utamu wenyewe sasa: sumu ya kipindupindu inailazimisha seli kumwaga kloridi na maji utumboni, lakini SGLT1 haiigusi. Ndiyo maana hata mgonjwa wa kipindupindu hurudishiwa maji kwa mdomo.

MamaPacha: Sasa si sukari ikizidi ndiyo itaingiza sodiamu nyingi?

Babu_wa_Maabara: Hapana dada, sodiamu haijaongezeka. Fomula ya ORS ya WHO ya mwaka 2002 ina glukosi milimoli 75 na sodiamu milimoli 75 kwa lita, osmolariti (ukolezi wa jumla) 245. Ya zamani ilikuwa 311, wakaishusha makusudi. Sukari isiyopata njia inabaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Osmosisi ni ileile, imegeuka upande tu. Mtoto ataharisha zaidi.

Kliniki_Kijijini: Nadharia tamu, ila aliyokoroga na sukari imwagwe. Soma pakiti, kama ni ya lita moja, maji safi na salama lita moja, basi. Nguvu atapata kwenye uji na ziwa la mama. Zinki amepewa? Ni siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, kituo cha afya saa hiyohiyo.

Mwana_Tanga: Huku kwetu tunampa dafu. Nalo je?

Babu_wa_Maabara: Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Anywe kama analipenda, lakini ORS iendelee.