Kiitikio kimetoka kwenye taarab: mtunzi wa shairi ana chake au hana?

Mwenye hoja, Kikwajuni

Assalaamu alaykum wanabaraza. Nna jambo limenikaa kooni, naomba tulijadili kwa uzuri.

Upo wimbo wa mapenzi, wa taratibu, unaopigwa kila pahala tangu Idi: harusini, kwenye daladala za Darajani, kwenye simu za watoto wa skuli. Kauimba kijana wetu. Sauti anayo, na prodyuza kaupanga vizuri: gitaa peke yake mwanzo, ngoma haziingii mpaka ubeti wa pili. Sina ugomvi na hayo. Lakini kiitikio, mistari minne mizima, ni shairi la ami yangu, alilolitunga zamani alipokuwa kwenye kikundi cha taarab hapa mjini. Daftari nimelishika mwenyewe. Wino wa buluu umevuja, na pembeni kapiga vijistari vya kuhesabia mizani, nane kwa nane. Pahala pamoja kakata neno, kaandika jengine juu yake. Hilo la juu ndilo analoliimba kijana.

Nilimuuliza, akanijibu kwa adabu: "Dada, nyimbo za zamani ni za watu wote."

Mimi hapo nakataa. Kwenye taarab kila mtu na kazi yake: huyu katunga shairi, yule kalitia muziki, wa tatu kaliimba. Wimbo ukikolea watu huinuka kutunza, na noti zote zinakwenda kwa mwimbaji. Mtunzi labda yuko nyumbani kwake kalala. Tumelizoea hilo siku nyingi. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kutiwa kwenye santuri, na jina lake kila mtoto analijua. Subeti Ambari aliyempigia udi, wangapi wanamjua?

Basi nauliza: mtunzi anastahiki jina na fungu lake, au shairi likishaimbwa mbele za watu si lake tena?

Mchangiaji, Wete

Waalaykum salaam dada. Tusiwaonee vijana. Wazee wetu nao walichukua. Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na mahadhi ya Kimisri yakaja naye. Zilipokuja filamu za Kihindi, nyimbo ngapi zilitiwa maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi yale yale? Nani alimlipa Mhindi? Na bila ya kijana huyo, shairi la ami yako lingebaki kuliwa na mchwa. Leo mwanangu wa miaka 9 analijua lote kwa moyo.

Mchangiaji, Jang'ombe

Mimi nimepiga fidla miaka mingi. Shairi likiletwa mazoezini tulilikalia sote, huyu kaongeza, yule kapunguza. Kwa hiyo wimbo ni wa klabu. Na ukidai haki ya mtunzi, mwanangu, usimsahau aliyelitia muziki.

Mwenye hoja, Kikwajuni

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenisahihisha. Aliyelitia muziki ameshafariki, lakini watoto wake wapo Michenzani, na mimi sikuwakumbuka hata kidogo. Klabu nayo itajwe.

Kaka wa Wete, la mahadhi ya Kihindi nakubali, na siwezi kuwatetea wazee kwa hilo. Lakini msikilizaji wa siku zile alikuwa keshaiona filamu, hakudanganywa na mtu. Hapa yamechukuliwa maneno yenyewe, na chini ya video pameandikwa "mtunzi", likafuata jina la kijana. Hilo ndilo lililoniuma. Mwanao analijua shairi kwa moyo, nami nafurahi, lakini yeye anadhani kalitunga kijana huyo.

Angalieni wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurikodi, Miriam Makeba akaufikisha dunia nzima, na mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Ubishi ule usingekuwepo lau jina lingeandikwa mapema, wenyewe wakiwa hai na mashahidi wakiwa hai. Ami yangu yu hai. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 2003, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo hapa hapa mjini. Mimi sitaki kumpeleka kijana mahakamani. Nataka arekebishe ule mstari chini ya video, kisha wakae na ami wazungumze fungu.

Ami mwenyewe aliusikia dukani, kaenda kununua sukari. Akasimama mpaka wimbo ukaisha, akamuuliza muuza duka: "Hili wamesema la nani?" Akatajiwa jina la kijana. Akalipa, akarudi nyumbani, na sukari kaisahau juu ya kaunta.

Mzee wa Jang'ombe, wimbo wa asili ulirikodiwa redioni, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na ami anasema mtangazaji aliwataja wote watatu kabla ya bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno. Kama wewe au mwenzako yeyote ana kaseti ile, nitaifuata popote ilipo, hata Pemba.