Nitaitambuaje programu nzuri ya masomo ya ng'ambo kwa mwanafunzi wa sekondari?

Mama Binti

Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ana umri wa miaka 16, yuko sekondari, na kwa miezi kadhaa sasa hana wimbo mwingine nyumbani isipokuwa kwenda kusoma ng'ambo. Baba yake na mimi hatulipingi wazo lenyewe. Kinachotusumbua ni kwamba kila programu tunayoitazama inajisifu kwa maneno yaleyale, inatuonyesha picha zilezile za vijana wanaocheka wakiwa wamekaa kwenye nyasi, na inatuahidi kwamba mtoto atarudi akiwa mtu mpya, ilhali sisi huyu tuliye naye hatuna ugomvi naye.

Tumebakiwa na tatu. Ya kwanza ni ya mwaka mmoja katika shule ya kawaida, akiishi na familia mwenyeji. Ya pili ni shule ya bweni ya kimataifa ya miaka miwili, ambayo mwisho wake ni diploma ya IB (International Baccalaureate), yaani cheti cha sekondari cha mtaala wa kimataifa. Ya tatu ni kozi ya lugha ya wiki nne wakati wa likizo. Ninyi mliowahi kupeleka watoto, mliofundisha, au mliokwenda wenyewe, mliangalia nini hasa kabla ya kuamua? Tovuti zao nimezisoma hadi macho yakauma, na mkataba wa ile ya kwanza, wenye kurasa 14, ninao hapa na bado sijaumaliza.

Mwalimu Mshauri

Mama Binti, hizo tatu usizipange kwenye mstari mmoja, kwa sababu hazina undugu. Kozi ya wiki nne ni safari yenye masomo ndani yake. Ni nzuri kwa kumpima mtoto kama anaweza kukaa mbali na nyumbani, lakini usitegemee kwamba itabadilisha chochote kwenye cheti chake. Shule ya bweni ni kuihamisha elimu yake yote. Shirika la IB lilianzishwa Geneva mwaka 1968, na diploma yake inatambuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi, kwa hiyo anayeimaliza halazimiki kurudi kuokota masomo aliyoyaacha. Tatizo ni kwa anayekatisha njiani: akirudi baada ya mwaka mmoja anakuwa hana diploma, na wenzake wa nyumbani wamekwisha kumtangulia. Katika kundi hili mnaweza kuwatazama pia United World Colleges, mtandao wa shule za kimataifa ambao chuo chao cha kwanza kilifunguliwa Wales mwaka 1962. Huko mwombaji kwa kawaida hupitia kamati ya nchi yake, na msaada wa ada hupangwa kwa kuangalia uwezo wa familia, jambo linalowapa nafasi hata wale wanaodhani mlango huo si wao.

Mwaka mmoja kwa familia mwenyeji ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Programu ya namna hiyo kwa kawaida haimpi mwanafunzi cheti cha kuhitimu wala haiahidi kumpa. Anaingia darasani, anafanya kazi kama wenzake, anapewa ripoti ya alama, basi. Kwa hiyo, kabla hujalipia hata fomu, nenda kwa mkuu wa shule anayosoma sasa umuulize akirudi ataingia darasa gani, masomo gani yatahesabiwa, na kama atasajiliwa kwa mtihani wa taifa pamoja na rika lake. Jibu liwe kwenye karatasi, lenye saini na mhuri. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa na mwanafunzi mwerevu sana aliyeondoka kwa makubaliano ya mdomo. Aliporudi alikuta mkuu wa shule amehamishwa, na aliyemrithi hakuwa na habari yoyote. Kijana akakalishwa darasa moja na mdogo wake, dawati la nyuma yake, mwaka mzima.

Halafu kuna sheria za nchi anakokwenda, ambazo mara nyingine zinaamua kabla yenu. Marekani, kwa mfano, ina njia mbili zisizofanana. Viza ya J-1 ni ya kubadilishana wanafunzi: muda wake hauzidi mwaka mmoja wa masomo, na familia mwenyeji hailipwi. Viza ya F-1 humruhusu mwanafunzi kusoma katika shule ya sekondari ya umma kwa miezi isiyozidi 12, tena kwa kulipa gharama kamili ya nafasi yake, ingawa katika shule binafsi anaweza kukaa zaidi. Uingereza ina viza ya wanafunzi watoto kwa walio na umri wa miaka 4 hadi 17, nayo ni kwa shule za kulipia, si za serikali. Kanada humtaka mtoto aliye chini ya miaka 17 anayekwenda bila wazazi awe na mlezi aliyeko hukohuko, kwa hati iliyothibitishwa kisheria. Programu ambayo haiwezi kukueleza mambo haya kwa ufasaha siku ya kwanza, sioni itakachokueleza siku ya shida.

Niliyerudi

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Mimi nilikwenda Marekani kwa viza hiyo ya J-1 nikiwa na miaka 17, nikakaa mwaka mzima wa masomo. Mwalimu amesema kweli kuhusu vyeti, lakini naomba niongeze jambo ambalo wazazi wangu hawakuliuliza na ambalo, kwa bahati tu, lilikaa sawa kwangu. Jambo lenyewe ni mratibu wa eneo, yaani mtu wa shirika anayeishi karibu na mwanafunzi na kumfuatilia.

Kanuni za J-1 zimempa kazi nyingi. Mwanafunzi hapaswi kupangiwa makazi yaliyo zaidi ya maili 120 kutoka nyumbani kwa mratibu, ambazo ni karibu kilomita 190. Mratibu anatakiwa awasiliane na mwanafunzi kila mwezi, na familia vilevile. Kabla ya mtoto kupokewa, familia huhojiwa nyumbani kwake, na kila mkazi wa nyumba hiyo mwenye miaka 18 au zaidi huchunguzwa kumbukumbu zake za jinai. Ukiyasoma hayo unaweza kulala usingizi. Sasa nikueleze yanavyokuwa.

Familia yangu ya kwanza ilikuwa na watu wema. Mwezi wa tatu bibi yao aliugua, akaletwa nyumbani kuuguzwa, akapewa chumba changu, nami nikahamia sebuleni. Sikusema neno, ningemlalamikiaje mgonjwa? Mratibu alikuja jioni moja kama ilivyo desturi, tukakaa wote, akauliza maswali yake, wote tukajibu kwamba hali ni nzuri. Alipoaga alinipa mfuko wake wa karatasi, akaniambia nimsindikize hadi kwenye gari. Tulipofika akaufungua mlango, akauegemea, akauliza: "Zile blanketi zilizokunjwa nyuma ya kochi ni za nani?" Baada ya siku tisa nilikuwa kwa familia nyingine, bila ugomvi na mtu, na ile ya kwanza tunawasiliana hadi leo.

Rafiki yangu mmoja, ambaye shirika lake silitaji, alikuwa jimbo jingine. Mratibu wake alimtumia ujumbe wa simu kila mwezi kumuuliza kama yuko salama, ajibu ndiyo au hapana. Alijibu ndiyo mara saba mfululizo, huku akiwa anashinda na njaa ya mtu wa kuzungumza naye na anajifungia chooni kulia. Karatasini, yeye na mimi tulitimiziwa sharti lilelile la kila mwezi.

Kwa hiyo, mama, waulize mratibu mmoja ana wanafunzi wangapi, na kama huzungumza na mtoto faraghani, uso kwa uso, familia isiposikia. Waulize pia ni wanafunzi wangapi walihamishwa familia mwaka uliopita na ilichukua siku ngapi. Wakikuambia hakuna hata mmoja, usifurahi. Katika kundi la vijana wa miaka 16 haiwezekani wote wakapatana na wenyeji wao, na maana yake ni kwamba waliohitaji kuhama hawakuhamishwa. Mwisho, omba kuzungumza na mwanafunzi ambaye mambo yalimwendea vibaya. Aliye kwenye picha ya nyasi muache.

Baba wa Watatu

Nimepeleka wawili, wa tatu amekataa mwenyewe na nimemsikiliza. Hilo niliseme kwanza: mtoto anayekwenda kwa sababu rafiki zake wanakwenda, au kwa sababu mzazi anataka kusimulia, hurudi mapema. Nampinga mwalimu kidogo kuhusu mwaka unaopotea. Mkubwa wangu alirudia darasa na haikuwa msiba. Alikuwa ameiva kuliko wote mle ndani. Ilimradi mjue mapema kwamba atarudia, na yeye mwenyewe akubali.

Nililojifunza kwa gharama ni tofauti ya wakala na shirika. Ofisi unayoitembelea, yenye viti vizuri na tabasamu, aghalabu ni ya wakala anayeuza nafasi. Anayebeba jukumu la mtoto ni shirika jingine kabisa lililoko huko aendako. Uliza jina la hilo la pili, kisha ulitafute wewe mwenyewe. Kwa Marekani, mashirika yenye idhini ya J-1 yamo kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na kuna baraza liitwalo CSIET linalokagua programu za sekondari na kuchapisha orodha yake. Kwa Uingereza, AEGIS hukagua mashirika ya ulezi wa wanafunzi wanaotoka nje. Umri wa shirika nao unasaidia, ingawa peke yake hautoshi. Chukua mashirika mawili makongwe ya kubadilishana wanafunzi: AFS walianza kama madereva wa magari ya wagonjwa vitani, wakaanza kubadilishana wanafunzi wa sekondari mwaka 1947, na YFU walianza mwaka 1951. Ukongwe huo unamaanisha wamekwisha kuona kila aina ya balaa, lakini anayemhudumia mtoto wako bado ni mtu mmoja katika mji mmoja.

Wakala akikuahidi mji unaoutaka, familia unayoitaka, na "ufadhili" utakaokwisha Ijumaa usipolipa, funga mkoba wako uende nyumbani. Bima usiichukulie kwa neno la mdomo. Soma inalipa nini na isicholipa, hasa magonjwa aliyokuwa nayo kabla ya safari na matatizo ya afya ya akili.

Mama Binti

Nawashukuru sana nyote. Jana usiku niliumaliza ule mkataba, na sasa naelewa kwa nini uliandikwa kwa herufi ndogo. Ukurasa wa tisa unasema shirika linaweza kumrudisha mwanafunzi nyumbani "wakati wowote, kwa uamuzi wake lenyewe", ada hairejeshwi, na tiketi ni juu ya mzazi. Nimesoma sentensi hiyo mara nne nikitafuta neno "sababu", sikuliona.

Leo asubuhi nimewatumia wale wa familia mwenyeji na wale wa bweni maswali ya Niliyerudi. Wa bweni walijibu mchana: mlezi mmoja kwa nyumba ya wanafunzi 40, anaishi humohumo, na wakanieleza waziwazi kwamba mwaka jana wawili waliondoka kabla ya kumaliza. Wale wa familia mwenyeji wamenitumia kijitabu kilekile cha picha. Binti bado moyo wake uko kwa familia, anasema bweni ni shule tu iliyohamishwa mahali. Je, kifungu kama hicho hujadiliwa, au nikiachie hapo?

Mwalimu Mshauri

Kumrudisha mtoto ni haki ambayo kila shirika litaitaka, na si vibaya, kwa sababu wapo wanaovunja sheria za nchi. Omba waongeze mambo matatu: sababu itolewe kwa maandishi, mzazi na mtoto wasikilizwe kabla ya uamuzi, isipokuwa pale penye hatari, na mtoto abaki chini ya uangalizi wao hadi apande ndege. Shirika makini litakuwa tayari na utaratibu huo mahali fulani, hata kama haukuwekwa kwenye mkataba, na litakuonyesha. Wakikataa yote matatu, mtafutie binti shirika jingine la familia mwenyeji; wako wengi, na hamna sababu ya kumnyima anachokitaka kwa makosa ya ofisi moja.

Niliyerudi

Nami nikazie hapo. Bweni si mbadala wa familia, mama, binti amesema kweli. Mkipata shirika jingine, nao wakikupa namba ya mwanafunzi aliyehamishwa, mwache binti apige simu mwenyewe, nawe ukae chumba kingine.

Mama Binti

Nimecheka, maana nilikuwa nimekwisha kuandaa maswali ya kumsomea pembeni. Nitakaa chumba kingine.