Factorio, Satisfactory, Dyson Sphere ama hizi za bure: nianze na ipi na laptopu ya GB 8?

mtu_wa_kisauni
Salam aleikum wazee na kina dada. Niko Kisauni, laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 8, haina grafiksi kadi. Binamu yangu alinionyesha hizi gemu za kujenga viwanda, zile unaanza kuchimba chuma kwa mkono mwisho una mikanda imejaa kila mahali inabeba vitu yenyewe, na tangu siku hiyo kichwa changu kiko huko tu. Pesa niliyoweka inatosha gemu moja. Factorio ni dola 35, kuna Satisfactory, kuna Dyson Sphere Program, na wengine waniambia nianze na Mindustry ama Shapez. Sitaki kuambiwa ipi kali, nataka kujua kila moja inakuchosha wapi.

karani_kilindini
Hapo umeuliza swali la maana. Mimi nahesabu makontena bandarini na Factorio nacheza mwaka wa nne sasa. Kilichonishika ni foleni. Kule kazini kreni yaweza kushusha haraka vipi, malori yasipotoka getini kreni itasimama tu, na mtu aliye mbali atalaumu kreni. Factorio ndo hivyo hivyo, unakuta mashine ya gia imelala, unadhani shida iko pale, unaufuata mkanda nyuma nyuma hadi kwenye matanuru unakuta uliweka 20, na mkanda wa njano unabeba vitu 15 kwa sekunde, kuujaza wataka matanuru ya mawe 48. Unaongeza 28, chuma kinakuja kama maji, baada ya dakika kumi makaa yameisha. Shida haifi, inahama, na wewe unaifuata hadi usikie adhana ya alfajiri. Huo ndo utamu wake wallahi.

Kuhusu bei usingoje ofa. Wube, wale wa Prague waliotengeneza, hawajawahi kuipunguza hata siku moja, Januari 2023 waliipandisha kutoka dola 30. Laptopu yako itaibeba ile ya kawaida. Ile nyongeza ya Space Age ya Oktoba 2024 iwache kwanza, sayari nne za ziada na hata ya kwanza hujaimaliza ni kujitesa.

nyali_3D
Kaka karani yote kweli ila Factorio unaitazama kutoka juu kama ramani. Satisfactory uko ndani, umesimama chini ya mkanda wako mwenyewe na shaba inapita juu ya kichwa, unapanda mnara unaona kiwanda chote na jua linazama. Nilitokwa na machozi siku ya kwanza treni yangu ilipofika na siona haya kusema. Wadudu wapo porini lakini hawaji kukuvunjia kiwanda, na machimbo hayaishi, ile ya Factorio mgodi unakauka unaanza kutafuta mwingine. Coffee Stain wa Sweden walitoa toleo la 1.0 Septemba 2024 baada ya miaka mitano ya majaribio, iko imara sai.

Inachosha wapi, kutembea. Na kuweka sakafu, kipande kwa kipande, masaa mawili yapita hujatengeneza hata msumari. Halafu stima, ukitumia kuliko unachozalisha fyuzi inaruka kiwanda chote giza, wenye nyumba za Mombasa tutaielewa hiyo. Lakini kwa laptopu yako ndugu yangu sahau, Satisfactory na Dyson Sphere zote zataka grafiksi kadi ya kweli, usije ukatupa pesa.

bint_changamwe
Stima ya Factorio nayo ina ubaya wake, haikatiki inazidi kuwa dhaifu, na ile mikono ya umeme inayolisha makaa kwenye boila nayo inakuwa polepole, makaa yanapungua, stima inapungua tena, mpaka kila kitu kinakufa. Boila ziwekee ile mikono inayotumia makaa yenyewe, nlijifunza kwa uchungu.

Lakini wengi wanaiwacha kwenye mafuta. Ukifika kusafisha kwa ile njia ya juu, mafuta ghafi 100 na maji 50 yanakupa mazito 25, mepesi 45 na gesi 55, na mazito yakijaa tangi mtambo wote unasimama hata kama unalilia gesi. Lazima uyavunje mazito yawe mepesi. Mimi nimekulia kando ya kile kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe, kilianza 1963 kikaacha kusafisha 2013, na kilikuwa cha aina ya zamani, hakina mtambo wa kuvunja, kwa hivyo mazito yalitoka mengi na soko lilitaka petroli. Miaka yote wazee mtaani walikuwa wakizungumza habari hiyo nami sielewi kitu, gemu ndo ilinifungua macho.

mshoni_ploti12
Mimi nasema lile ambalo halijasemwa. Nimefanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha nguo, laini ya kushona mikono ya shati. Nilicheza Factorio kama masaa 80 na naipenda, ile hesabu ya nani anamsubiri nani ni ile ile ya laini yetu. Ila kiwanda cha gemu hakina mtu. Hakuna anayeumwa mgongo, hakuna shifti ya usiku, hakuna msimamizi anayekupigia kelele kwa sababu ya pisi 40 zilizopungua. Ukiona mashine inachelewa unaweka ya pili kando yake, basi. Kwa kweli inachelewa kwa sababu mama yule mtoto wake yuko hospitali. Sisemi watu wasicheze, nasema huo ni upungufu mkubwa wa gemu hizi zote na sijaona hata moja iliyojaribu kuuziba.

karani_kilindini
@mshoni_ploti12 dada hapo umenigusa. Hata kwetu foleni ya malori ni madereva waliolala ndani ya gari siku mbili. Kwenye gemu ni vitu tu kwenye mkanda.

tudor_simu
Mindustry iko bure kwa Android, jaribu kwanza. Mikanda ipo lakini maadui wanakuja mawimbi mawimbi, muda mwingi unalinda kuliko kujenga. Shapez haina adui, na kujenga ndani ya gemu hakuna gharama, ni kukata maumbo na kupaka rangi, nyepesi sana kwa laptopu. Kuchosha kwake ni kwamba maumbo hayafanyi kitu, unayapeleka katikati yanamezwa.

mtu_wa_kisauni
Shukran sana wote, na dada mshoni nimesoma yako mara tatu. Nimedaunlodi ile demo ya bure ya Factorio jana usiku, laptopu haikupata hata joto. Sasa nimekwama, mkanda wangu wa chuma umejaa upande mmoja tu, upande wa pili mtupu, na gia hazitoshi. Kwani ni mbovu?

bint_changamwe
Si mbovu. Mkono unaweka kitu upande wa mbali wa mkanda kila mara. Panga matanuru mengine ng'ambo ya pili ya mkanda huo huo, pande zote zitajaa.

mtu_wa_kisauni
Imejaa!! Sai makaa ndo yameisha.