Mama anapata meseji za "tuma kwenye namba hii", nimfundishe aangalie nini?

Habari za jioni wakuu. Mama yangu yuko Korogwe, anatumia kitochi. Juzi kaingiziwa meseji hii, naiweka kama ilivyo: "iyo Ela itume kwenye namba hii jina litakuja HAMISI laini yangu inashida". Kwa kweli alikuwa anadaiwa na fundi wa paa, bahati nzuri akanipigia kwanza. Nikamwambia aone uandishi ulivyo mbovu. Akasema hata fundi wake huandika hivyohivyo. Naombeni ushauri.

Wakala wa Mbagala
Mama yuko sahihi mkuu. Wateja wangu kibao wanaandika "ela" na ni waaminifu kabisa. Aangalie kilichokosekana: meseji haimtaji yeye, haisemi ni kiasi gani wala ni ya nini. Wanawatumia watu wengi hiyohiyo, na mwisho wa mwezi au Januari shule zikifunguliwa hakosekani mwenye hela ya kutuma.

Halafu hilo "jina litakuja" ndilo baya kuliko yote. Jina linapotokea kabla hujaweka namba ya siri ndipo mtu anaposhtuka, sasa wao wameshakuzoesha nalo. Mteja yuko dirishani, namsomea jina, namuuliza, "Unamfahamu huyu?" Ananijibu, "Eeh, kaniambia litakuja hilohilo." Nikimsihi apige simu kwanza, wengine wananinunia.

Mwana Muheza
Mweleze na zile za "umepokea" za uongo. Ya kweli ya M-Pesa inaingia kwa jina M-PESA, siyo kwa namba ya mtu. Asiamini salio lililoandikwa kwenye meseji, apige *150*00# aone mwenyewe. Akipigiwa na mtu anayelia kwamba amekosea namba, asimrudishie yeye. Huyo apige 100, mtandao ndio unaorudisha muamala.

Kaka Mkubwa
Namba ya tapeli msiifute tu. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, fuata maelekezo.

Mleta uzi
Asanteni sana. Nimekubaliana na mama kwamba yeyote akidai amebadili namba, anampigia kwa ile ya zamani aliyoihifadhi. Ila mjukuu wake mmoja yuko bweni. Akipiga mtu anajiita mwalimu je?

Dada wa Ngamiani
Hilo lilimkuta jirani yangu, saa nne usiku. "Mwanao amezidiwa, tuko hospitali, dawa hazipo." Hapo hakuna herufi za kukagua, ni sauti tu na mzazi keshachanganyikiwa. Nenda shuleni wewe mwenyewe, chukua namba ya matroni na ya mwalimu mkuu, mwandikie mama kwa maandishi makubwa abandike ukutani. Apige hizo kabla ya kutuma hata shilingi. Na matroni asipopokea, akupigie wewe, saa yoyote ile.