Mfumo unasema sijachimba! Mashimo 18 yako Kibirizi yamejaa zege la mkopo

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Mimi ni fundi, nina vijana tisa. Tumepewa kazi ya msingi na mkandarasi mkuu mmoja hapa Kigoma, upande wa Kibirizi. Mchoro ulitaka mashimo ya nguzo yashuke mita 1.2. Tumefika huko tukakuta tope tupu, ziwa si liko hapo! Mhandisi wa saiti akachomeka nondo, ikazama kama kijiko kwenye uji. Akasema, "Fundi, shuka hadi mita 2, jaza mawe na zege. Karatasi niachie mimi."

Nikashuka. Mashimo 18, kila moja mita moja na nusu kwa moja na nusu. Piga hesabu: mita za ujazo 32 na ushee za ziada, kuchimba na kujaza. Mawe nimekopa, saruji nimekopa.

Kwenye kudai naambiwa siku hizi kila kitu kinapita kwenye mfumo wa mtandaoni. (Kabla hamjaanza na serikali: siongelei NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali, huu ni wa kampuni yenyewe.) Haya, nikapanda juu ya lundo la kokoto kusaka mtandao. Napakia picha, kiduara kinazunguka weee, kisha kinanitupa nje nianze kuingia upya. Siku tatu! Jibu likaja kwa rangi nyekundu: limekataliwa, hakuna agizo la mabadiliko lililoidhinishwa kabla ya kazi.

Sasa hilo agizo, yaani ruhusa ya maandishi ya kubadili kazi, ningeliingizaje? Akaunti yangu hata kitufe chake haina, anacho mhandisi. Nikimpigia, "nalifuatilia fundi". Mkadiriaji, yule anayepima kazi ili tulipwe, yuko Dar na skrini yake. Kwake mashimo bado ni mita 1.2. Na mkataba unanipa siku 28 tu za kutoa taarifa ya madai. Zimebaki tano.

Mfumo wenyewe sina ugomvi nao. Nagombana na mtu anayeamrisha kwa mdomo halafu mimi ndiye nadaiwa ushahidi.

Mliowahi kupita hapa: picha zenye tarehe, na daftari la saiti alilosaini mwenyewe siku ile, vinaweza kunibeba? Barua nipeleke kwa mkono, au nayo wataikataa?

Jana kaja tena, anataka ngazi isogezwe. Nikampa simu yangu: "Mhandisi, niandikie hapa kwanza." Akacheka, akapanda gari. Ngazi iko palepale.